Msitu Mmoja Haulipi Deni la Mwingine

Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya kitoweo, nao hawakuweza kusema ni ya ndege gani. Alikuwa kwale ambaye sayansi haikuwahi kumwandika, na jamaa zake wa karibu hawako Afrika bali katika misitu ya Asia. Zaidi ya miaka kumi baadaye, masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu nyani waliyemwita kipunji yaliwapeleka watafiti Rungwe. Walimkuta kweli, akatangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Mwaka 2008 akaandikwa sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga ambaye kinasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Viumbe hawa si bahati nasibu. Wanatokana na umri wa misitu hiyo na utengano wake, na kwa sababu hiyo msitu uliopotea hapa haufidiwi kwa miti iliyopandwa kule.

Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi. Bara la Afrika lilipokauka na nyika kutanda, upepo wa bahari uliendelea kuinyeshea miteremko hii, na misitu yake inakadiriwa kudumu kwa takriban miaka milioni 30. Kati ya mlima na mlima pamebaki tambarare kavu ambayo chura au kinyonga wa msituni hawezi kuivuka. Ndiyo maana kila mlima umezaa wa kwake, na spishi nzima huweza kuishi kwenye bonde moja tu.

Chura wa Kihansi ndiye shahidi wangu mkuu. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Ni mdogo, wa rangi ya dhahabu, hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, huko Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa na idadi yake ikapanda kwa muda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyemwokoa ni kundi la vyura wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini nchi yenye kiu ya umeme ihangaike na chura anayekaa juu ya ukucha. Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka hospitali zizimwe taa. Lakini mto unaozungusha mitambo hiyo hulishwa na misitu ya vilima hivyohivyo. Anayefyeka msitu kwa jina la maendeleo anakausha umeme wake mwenyewe. Na kama uchunguzi wa viumbe ungetangulia ujenzi, manyunyu yangeingizwa kwenye mchoro tangu mwanzo, kwa gharama ndogo kuliko ya kumlea chura ng'ambo kwa zaidi ya miaka kumi.

Wengine husema tupande tu miti. Misindano ya Sao Hill, Mufindi, inatupatia mbao na nguzo, na bila mashamba kama hayo misitu ya asili ingekatwa zaidi. Hilo nalikubali. Hata hivyo, ekari elfu za misindano haziwezi kumpa kipunji makazi, na Udzungwa haiwezi kumpokea chura aliyeumbika kwa mwamba wa Uluguru. Takwimu zetu za misitu zinapojumlisha hekta za asili na za kupandwa kwenye safu moja, zinaficha hasara. Zitenganishwe, tena mlima kwa mlima, na orodha ya viumbe vya kila mlima iwe mezani kabla ya kibali cha barabara, bwawa au shamba kutiwa saini.