Mama Anaporudi Darasani

Tess Coleman ni mwanasaikolojia. Ana wagonjwa wanaomtegemea, ameandika kitabu, na kesho anaolewa. Lakini Ijumaa hii asubuhi ameamka ndani ya mwili wa binti yake, Anna, na sasa yuko kwenye dawati la sekondari akiulizwa swali kuhusu Hamlet. Anajibu kisomi, kwa kujiamini. Mwalimu anampa F.

Hapo ndipo Freaky Friday ya mwaka 2003 inapoanza kunoga. Anna amelalamika mara nyingi kwamba mwalimu huyo, Bates, anamwonea, na mama hakumsadiki. Sasa mama anamtazama vizuri mtu aliyesimama mbele ya ubao na kumtambua: walisoma pamoja, kijana huyo akamwomba waende wote kwenye dansi ya shule, naye akamkatalia. Kinyongo cha miaka yote hiyo kimekuwa kikilipwa na mtoto, alama baada ya alama.

Watu wakizungumzia filamu za kubadilishana miili, hukumbuka kwanza mayowe mbele ya kioo. Yanachekesha kweli, ila huisha kwa dakika moja. Kinachozibeba filamu hizi ni shule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna kitanda ambacho watu wazima hukisifia sana baada ya kukihama kama dawati la shule.

Sifa hizo ndizo zilizomponza Bwana Bultitude, mfanyabiashara wa London katika riwaya Vice Versa ya mwaka 1882, iliyoandikwa na F. Anstey. Mwanawe, Dick, anaogopa kurudi shule ya bweni. Baba anamhutubia juu ya raha za utoto na kusema angetamani kuwa mvulana tena. Kwa bahati mbaya, mkononi ameshika jiwe la ajabu kutoka India. Ombi linakubaliwa papo hapo, na ni yeye anayepelekwa kwa Dk. Grimstone, mkuu wa shule mkali. Huko anajaribu kuongea kama mzee mwenye heshima zake. Wavulana wanamchukia, mkuu anaona ni utovu wa adabu. Kichekesho chote kimo humo: sauti iliyozoea kutii­wa ofisini haina thamani yoyote bwenini.

Miaka 90 baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Mary Rodgers aliigeuza hadithi hiyo kwa namna ninayoiona bora zaidi. Katika Freaky Friday yake, msomaji anamfuata msichana Annabel aliye ndani ya mwili wa mama. Anaitwa shuleni kama mzazi, na inambidi aketi kimya huku walimu wakimjadili yeye mwenyewe. Ni mwanafunzi gani hajawahi kutamani kusikia kinachosemwa juu yake ndani ya ofisi ile? Rodgers ndiye aliyeandika pia mswada wa filamu ya mwaka 1976, ambamo Jodie Foster aliigiza kama binti na Barbara Harris kama mama.

Kisha soko likafurika. Kati ya Oktoba 1987 na Aprili 1988 Marekani ilitoa Like Father Like Son, toleo jipya la Vice Versa, na 18 Again!, zote zikiwapeleka wazee kwenye ujana.

Japani ilichukua njia nyingine, ikawabadilisha wavulana na wasichana. Mwaka 1982 Nobuhiko Obayashi alitengeneza Tenkosei katika mji wake wa kuzaliwa, Onomichi, ambapo wanafunzi wawili wanaporomoka pamoja kwenye ngazi na kuinuka kila mmoja akiwa mwenzake. Mwaka 2016 ikaja Your Name ya Makoto Shinkai. Humo Mitsuha, msichana wa kijijini, anajikuta katika mwili wa Taki, mwanafunzi wa Tokyo, na siku ya kwanza tu anakwama kwenye neno dogo kuliko yote: “mimi”. Anasema watashi, marafiki wa Taki wanashangaa. Anajaribu watakushi, halafu boku. Ni pale anapofika kwenye ore ndipo nyuso zinapolegea. Mtafsiri wa Kiswahili angepata kazi ngumu hapo, maana “mimi” yetu haimtambulishi mwanamume wala mwanamke; angelazimika kuutafuta mzaha huo mahali pengine, labda kwenye lafudhi.

Mwaka 2020 filamu iitwayo Freaky ilimtia muuaji katika mwili wa msichana wa sekondari, ikachanganya kicheko na damu. Na mwaka 2025 Jamie Lee Curtis na Lindsay Lohan, walioigiza kama Tess na Anna mwaka 2003, walirudi katika Freakier Friday, safari hii miili minne ikibadilishana. Inafurahisha kuwaona tena, lakini mtazamaji hutumia nguvu nyingi kukumbuka nani yumo ndani ya nani.

Ile ya 2003 haina tatizo hilo. Curtis, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo, anauachia mwili ulegee kama kijana aliyechoshwa na dunia. Anna aliye ndani ya mwili huo anakwenda shuleni kwa kaka yake mdogo, Harry, ambaye nyumbani hawapatani hata dakika tano, na huko anakuta insha ambayo mtoto ameandika kumsifu dada yake.

Jioni bendi ya Anna ina majaribio ya kutafuta nafasi jukwaani, usiku uleule wa chakula cha maandalizi ya harusi. Tess hajui kupiga gitaa. Anapanda hata hivyo, akiwa na mwili wa binti yake, vidole vikigusagusa nyuzi zisizotoa sauti. Nyuma ya jukwaa, mwanamke wa makamo aliyevalia nguo za hafla amelikumbatia gitaa la pili, na ni lake linalosikika ukumbi mzima. Mama, ambaye hadi jana aliuita muziki huo kelele, anaanza kuruka.