Binti Yetu Anasoma Nini Usiku?

Akina mama wengi wa hapa Dodoma, tukutanapo kwenye jumuiya au baada ya ibada, hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Mtazame binti wa kidato cha pili aliyeazima simu ya mama yake "kidogo tu": saa tano usiku bado anasoma, wala hana dalili ya usingizi. Kusoma anasoma. Je, anasoma nini, na kwa namna gani?

Mara nyingi ni simulizi: hadithi za mapenzi, za majini, za upelelezi, zilizokatwa vipande vipande na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Kila kipande hukatizwa pale pale utamu unapokolea. Mlango unagongwa, mume amerudi ghafla, kisha: "Itaendelea." Sehemu za mwanzo mara nyingi hutolewa bure, atakaye kujua mwisho humtumia mwandishi fedha kidogo kwa simu. Mtoto anayeijua namba ya siri ya mama yake hilo halimpi shida.

Tusijifanye kwamba jambo hili ni geni. Wengi wetu tulipokezana vitabu vya Elvis Musiba hadi majalada yakatoka, tukimfuata Willy Gamba huku mwalimu akifundisha. Baadaye yalikuja magazeti ya udaku, ambayo wengine waliyanunua kwa ajili ya hadithi za mfululizo za Eric Shigongo tu. Lakini kitabu kile kilikuwa na mahali pa kukaa. Mama akitandika kitanda alikikuta chini ya mto, akakifungua, akajua mwanawe anafikiria nini. Simu ikizimwa, hakuna kinachobaki. Binti anaweza kufundishwa ndoa na mtu asiyemjua mwaka mzima, na mama aliyelala chumba cha pili asijue.

Namna ya kusoma nayo imebadilika. Aliyezoea vipande vifupi huona kitabu kizima ni mzigo. Wanafunzi wengi husoma uchambuzi wa riwaya kwenye simu, riwaya yenyewe wasiishike, ingawa mtihani unawasubiri. Hata Neno la Mungu linaliwa kwa vidonge. Biblia iliyo ndani ya simu tunaishukuru, maana haina uzito begani na mstari hupatikana mara moja. Hata hivyo, kijana anayetumiwa mstari mmoja wa Ruthu asubuhi huenda asijue kamwe kwamba Naomi alirudi Bethlehemu akiwa amezika mume na wana wawili, akataka aitwe Mara. Uchungu ule hauingii kwenye mstari mmoja.

Hatusemi simu inyang'anywe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, na kwa mwanafunzi wa Bahi au Chemba, aliye mbali na Maktaba ya Mkoa iliyoko mjini, huo ni msaada mkubwa, mradi kifurushi kipo. Simu ilale sebuleni pamoja na ya mama na ya baba. (Ya baba ndiyo itakayoleta ubishi.)

Kisha tumwombe binti atusomee simulizi yake kwa sauti, jioni tunapochambua mlenda. Tusianze kwa kufoka. Tumuulize: huyu msichana wa hadithi angefanya nini kingine? Mama yake yuko wapi? Binti akiruka aya, tutajua pa kuulizia.

Na vitabu viwepo nyumbani, vya kushikwa. Hapa hapa Dodoma, Central Tanganyika Press ya Kanisa Anglikana imekuwa ikichapisha vitabu vya Kikristo tangu mwaka 1954, na Chama cha Biblia cha Tanzania makao yake yako mji huu huu. Kwa kuanzia, Ruthu ina sura nne tu. Jioni nne zinatosha, kila mtu kwa zamu yake, na sura ya kwanza asome baba.