Kununua Fleti Ufuoni: Ardhi Ikaguliwe Kabla ya Mandhari

Mnunuzi anapoonyeshwa fleti mpya kule Diani, mahali pa kwanza anapopelekwa ni roshani. Kutoka hapo bahari huonekana mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, upepo ni mwanana, na muuzaji huanza kuzungumzia bei. Stakabadhi za ardhi huja baadaye, na wakati mwingine haziji mpaka pesa ziwe zimeshalipwa.

Miongoni mwa wanaonunua nyumba hizi za mapumziko ni wakazi wa Kwale wenyewe: mtumishi wa umma aliyepokea malipo ya kustaafu, mfanyabiashara wa Ukunda, wanachama wa chama, au jamaa anayefanya kazi Uarabuni na kumtumia nduguye pesa amnunulie. Kwa wengi wao hiyo ni akiba ya miaka mingi. Makala haya yanaeleza kinachonunuliwa hasa mtu anaponunua fleti, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa hata amana.

Kinachouzwa ni nini?

Wakazi wa pwani wanaijua nyumba isiyo na ardhi. Mjini Mombasa, kwa miaka mingi, watu wamemiliki kuta na paa huku ardhi iliyo chini ikiwa ya mtu mwingine, nao humlipa kodi ya uwanja. Mwenye ardhi akikitaka kiwanja chake au akikiuza, mwenye nyumba huwa hana pa kushika.

Fleti nayo inaweza kumweka mnunuzi mahali panapokaribia hapo asipokuwa mwangalifu. Zamani, mara nyingi aliyenunua fleti nchini Kenya alipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi, huku hatimiliki ya kiwanja kizima ikibaki kwa mjenzi au kwa kampuni hiyo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2020, ilibadilisha utaratibu huo.

Chini ya sheria hiyo, mpimaji ardhi huandaa ramani inayoonyesha kila fleti, na ramani hiyo husajiliwa. Hatimiliki ya kiwanja kizima hufungwa, kisha kila fleti hufunguliwa hati yake. Mwenye hati humiliki fleti pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja kama vile ngazi, maegesho, kisima na uwanja. Anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila kumwomba mjenzi ruhusa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: je, fleti hii ina hati yake yenyewe? Ikiwa haina, ramani imesajiliwa? Jibu la “hati inatengenezwa” halitoshi. Liandikwe kwenye mkataba, likiwa na tarehe na adhabu iwapo tarehe hiyo itapita.

Ikiwa kiwanja ni cha kukodi kutoka serikalini, miaka iliyosalia iulizwe pia. Sheria hairuhusu hati za aina hii kutolewa pale ambapo muda uliobaki ni chini ya miaka 21. Fleti yenye miaka 25 iliyosalia haiwezi kuwa na thamani sawa na yenye miaka 90, hata kama zote zinatazama bahari.

Hatimiliki pekee haitoshi

Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, katika kaunti jirani ya Mombasa. Kampuni iliyokuwa imekinunua ilikuwa na hatimiliki mkononi. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilikuwa imebomoa ukuta wa kiwanja hicho ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Mahakama ilikuta kwamba eneo hilo lilikuwa limetengwa kama uwanja wa wazi wa umma kabla ya kugawiwa mtu binafsi mwaka 1989 bila utaratibu wa kisheria kufuatwa. Kampuni ilishindwa, ingawa haikuwa ndiyo iliyogawiwa ardhi hiyo mwanzoni.

Funzo kwa mnunuzi ni kwamba upekuzi wa rejista unaoonyesha jina la mmiliki wa leo ni hatua ya kwanza tu. Wakili anapaswa kufuata historia ya kiwanja mpaka kilipotoka: nani aliyegawiwa kwanza, kwa utaratibu gani, na ramani ya awali ilionyesha matumizi gani. Rejista pia huonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio. Mjenzi akiwa amekopa kwa kuweka kiwanja chote rehani, mnunuzi adai barua ya benki inayokubali kuiachilia fleti yake ikishalipwa.

Historia ya ardhi ya pwani inafanya hatua hii kuwa ya lazima. Sheria ya mwaka 1908 ilitaka wenye madai katika ukanda wa pwani wayawasilishe ili yasajiliwe. Wengi hawakufanya hivyo, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo sababu mpaka leo kuna familia zinazoishi kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mnunuzi afike kwenye kiwanja mchana, azungumze na majirani, wazee wa mtaa na chifu. Mgogoro usioonekana kwenye rejista mara nyingi unajulikana kijijini.

Ufuo ni wa umma

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Tangazo linaloahidi “ufuo wa faragha” linaahidi kitu ambacho muuzaji hana. Wavuvi, wauzaji wa ufuoni na wakazi wote wana haki ya kupita hapo, na njia za umma za kufika baharini haziwezi kuzibwa kwa ukuta au lango. Jengo lililozidisha mpaka wake upande wa bahari linaweza kuamriwa kubomolewa, na hasara itamwangukia aliyenunua.

Stakabadhi za jengo

Baada ya ardhi, jengo lenyewe likaguliwe. Muuzaji anatakiwa kuwa na:

• idhini ya kaunti ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ikiwa kiwanja kilikuwa cha kilimo;
• ramani za ujenzi zilizoidhinishwa na kaunti;
• leseni ya mazingira kutoka NEMA;
• cheti cha usajili wa mradi kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi;
• cheti cha kuruhusu jengo likaliwe, ikiwa limekamilika;
• cheti cha kaunti kwamba kodi ya ardhi imelipwa na, kwa ardhi ya kukodi, cha serikali ya kitaifa kwamba pango limelipwa.

Nambari za idhini zilinganishwe na kumbukumbu za afisi iliyozitoa. Nakala iliyotumwa kwa simu si uthibitisho.

Hesabu kamili

Bei iliyo kwenye bango si gharama yote. Tuseme fleti inauzwa Sh8 milioni. Kwa kawaida amana huwa asilimia 10, yaani Sh800,000, nayo ilipwe kupitia wakili baada ya mkataba kuandikwa, kutiwa saini na kushuhudiwa. Sheria haitambui mauziano ya ardhi ya mdomo. Diani ni manispaa, hivyo ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani, yaani Sh320,000, na hulipwa na mnunuzi. Nje ya miji kiwango ni asilimia 2. Kuna pia ada za wakili na za usajili. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Asimsukumie mnunuzi.

Kisha huja ada ya huduma ya kila mwezi: walinzi, usafi, umeme wa ngazi, pampu ya maji. Ikiwa ni Sh12,000 kwa mwezi, ni Sh144,000 kwa mwaka, fleti iwe na mtu au iwe tupu. Chumvi ya bahari hula vyuma, mashine za kupoza hewa na nondo zilizo karibu na uso wa ukuta, kwa hiyo matengenezo ya ufuoni huja upesi kuliko ya bara. Kila jengo lililosajiliwa chini ya sheria ya 2020 lina shirika la wamiliki. Mnunuzi aombe kuona kanuni zake, hesabu zake na orodha ya madeni.

Kupangisha wageni

Wauzaji wengi husema fleti itajilipa yenyewe kwa wageni. Hesabu hiyo isifanywe kwa bei ya Desemba. Wageni hujaa mwisho wa mwaka na tena Julai na Agosti, lakini kuanzia Aprili mpaka Juni, masika inaponyesha, vyumba vingi hubaki vitupu. Anayepangisha wageni wa siku chache anahitaji kibali cha biashara cha kaunti na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mapato hayo hutozwa kodi. Baadhi ya majengo pia hukataza upangishaji huo katika kanuni zao.

Kumshikia mgeni hati

Wakazi wengine huombwa na rafiki kutoka nchi za nje waandike fleti au kiwanja kwa majina yao. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Njia halali ipo, na haihitaji jina la mtu mwingine. Anayekubali kushika hati ya mwenzake hujitwika madeni, kodi na kesi za mali isiyo yake.

Utaratibu salama

Mnunuzi aanze na wakili wake mwenyewe, asiyemwakilisha muuzaji. Upekuzi ufanywe katika afisi ya usajili wa ardhi ya Kwale, ramani ithibitishwe na mpimaji aliyesajiliwa, na idhini za ujenzi zithibitishwe katika idara ya ardhi na mipango ya kaunti. Dalali aonyeshe usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Mkataba uandikwe ndipo amana ilipwe.

Muuzaji akisema kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho na pesa taslimu, basi huyo na anunue. Upekuzi huchukua siku chache, lakini kesi ya ardhi inaweza kuchukua miaka.