Likizo ya kujipikia Pwani: nyumba ni bei poa, lakini nani atashika mwiko?

Shule zikikaribia kufungwa, gumzo la kwenda Mombasa huanza mapema huku Gataka. Watoto wameona picha za wenzao wakiwa mchangani, mzee anasema "tutaona", halafu mtu anapiga simu hotelini kuuliza bei na gumzo linakufa hapo hapo. Hoteli ya ufuoni hukuhesabu kichwa kwa kichwa, usiku kwa usiku. Familia ya watu sita, nyanya akiwemo, hiyo ni bili ya kuuza ng'ombe, na sisi watu wa Kajiado ng'ombe hatuuzi ovyo.

Nyumba ya kukodi kwa siku ina hesabu nyingine. Unalipia nyumba, sio vichwa. Ile ya vyumba vitatu inalaza sita kwa bei ile ile ambayo ingelaza wanne, ina friji, jiko la gesi na sufuria, na chakula mnajipikia. Familia yetu imeenda hivyo mara mbili, na kuna kitu ambacho huwezi kukiona kwenye tangazo la nyumba hata ukuze picha vipi: hiyo kazi ya kujipikia inamwangukia nani.

Lakini kwanza mfike. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kwenye Madaraka Express ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kati ya Nairobi na Mombasa. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hivyo watu wazima wanne na watoto wawili ni 7,500 kwenda, 15,000 kwenda na kurudi. Tiketi unakata kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya Kenya Railways, na za Desemba huisha kama chapati za harusi. Kutoka huku unaweza kushika mathree ya 125 au 126 hadi tao, kisha treni ya abiria kutoka stesheni kuu mpaka Syokimau. Mkiwa na nyanya na mabegi, changeni teksi ipitie Southern Bypass, mtashukuru.

Mizigo ndiyo hesabu ngumu. Mathe wengi wakisikia "kujipikia" huanza kupakia jikoni nzima. Unga, mchele, viungo na majani chai, sawa, beba. Kisu cha jikoni na mtungi wa gesi usijaribu, maana wakaguzi wa SGR hawana mchezo na mbwa wao hawana undugu.

Mahali pa kukaa panategemea mnataka nini. Bamburi na Shanzu ni karibu na mji na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu huita Pirates. Mtwapa, ukivuka daraja tu, ni Kaunti ya Kilifi tayari, na ukipanga karibu na barabara kuu usiku utalala na muziki wa watu wengine. Diani kuna mchanga mweupe wa kutosha kila mtu, ila lazima mvuke Likoni au mzunguke kwa Dongo Kundu. Watamu ni mbali zaidi lakini kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, na magofu ya Gede yako karibu siku mkichoka na maji ya chumvi.

Na usitishwe na ua la hoteli. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji yanapofika yakijaa na yanapofika yakipwa ni ardhi ya umma. Yaani ule mchanga unaolowa ni wako kama ulivyo wa mgeni anayelipa dola. Shida ni njia za kuteremkia, kwa sababu nyingi zimebanwa na kuta za majumba. Kabla ya kulipia nyumba muulize mwenyewe: kutoka mlangoni mpaka majini tunapita wapi, na ni dakika ngapi kwa mguu wa nyanya? "Karibu na bahari" kwa lugha ya matangazo inaweza kumaanisha nduthi mbili. Muulize pia kwa simu ya video akuonyeshe bomba likitoa maji. Kuna mtu alitaka deposit yote kwa M-Pesa kabla hata ya kutuonyesha mlango. Tulimwacha.

Bahari nayo ina ratiba yake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Yakipwa, sehemu nyingi unaweza kutembea mbali sana ukiwa na viatu vya kuloweka, maana chini kuna miiba. Kuogelea ni yakijaa. Agosti ni msimu wa kusi, kuna upepo na mawimbi ya kusukuma. Desemba ni kaskazi: bahari imetulia, joto halitulii.

Sasa jikoni.

Safari yetu ya kwanza tulikaa siku tano. Mimi na kaka yangu mdogo tulikuwa majini kufikia saa mbili asubuhi, mzee alipata kiti kivulini na gazeti, nyanya akapata upepo. Mathe aliamka saa kumi na moja na nusu kukanda maandazi. Alipomaliza vyombo vya chai ikawa ni saa ya kufikiria chakula cha mchana. Alikanyaga maji mara mbili kwa siku tano, tena jioni, akiwa amebeba taulo za wengine. Siku ya mwisho dada yangu alimuuliza kama amefurahia likizo. Akasema, "Nimefurahia, ila hiyo meko ya huko inawaka polepole kuliko yangu."

Hilo jibu lilitukalia vibaya wote, hata mzee, ambaye huwa hakaliwi na kitu. Na sio kwetu tu. Utafiti wa shirika la takwimu la taifa, KNBS, kuhusu matumizi ya muda, wa 2021, ulionyesha mwanamke Kenya hutumia takriban saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Mwanamume hata saa nzima haimalizi. Ukihamisha familia hiyo kilomita mia tano, ukaipa jikoni ngeni isiyo na mwiko mzuri na kisu butu, saa hizo zinaongezeka. Bei poa ya nyumba ya kujipikia inatoka mahali. Kazi ambayo hoteli ingemlipa mpishi, mhudumu na muosha vyombo, nyumbani tunampa mtu mmoja na kusema tume-save.

Mara ya pili dada yangu alikataa kulipa mchango wake mpaka tukubaliane. Alisema wazi kwenye grupu ya familia: kama mathe anapika, yeye abaki Gataka akapike kwa jiko analolijua. Kulikuwa na kimya cha siku mbili hapo.

Tulichofanya ni hivi. Kiamsha kinywa hatukupika kabisa. Pwani ni mahali ambapo mahamri na mbaazi za nazi zinakungoja barabarani asubuhi, moto, kwa pesa ambayo Nairobi inakununulia nusu soda. Jioni tulikula nje: viazi karai, mishkaki, siku moja pweza. Ikabaki mlo mmoja tu wa nyumbani, mchana, na huo ukawa wa zamu, wawili wawili, mathe akiwa hayuko kwenye orodha. Siku mbili tulimwita mama mmoja jirani ambaye hupikia wageni. Mlinzi wa nyumba ndiye alituunganisha. Bei tulikubaliana kabla hajawasha moto, na hatukumpunja, maana ukimpunja huyo umehamisha tu tatizo kwa mama wa mtu mwingine.

Yeye ndiye alitufundisha kununua. Mboga, nazi na ndimu, twende Kongowea. Samaki, ngoja mashua zirudi, uangalie macho na matamvua, usikubali aliyelegea. Changu ni wa kukaanga, tafi wa kuchoma, nguru wa mchuzi. Halafu akatoa mbuzi, kile kiti cha mbao chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, akamtazama mzee na kusema, "Baba, karibu ukae hapa."

Mzee wetu ni mtu wa nyama choma. Jikoni anajulikana kwa kuuliza kama chakula kiko tayari. Alikaa kwenye ile mbuzi mguu huku na mguu kule, akakuna nazi nne, akajikata kidogo, akakataa kusaidiwa. Wali ulitoka na ganda chini, tui lilikuwa jepesi, tukala wote hadi ukoko. Mathe alikuwa ufuoni na nyanya. Tulimtuma mtoto amwite, akarudi na jibu kwamba anakuja maji yakianza kupwa, tusimngoje.

Bili ya chakula ilipanda kuliko ya safari ya kwanza, sitadanganya. Bado ilikuwa mbali sana na ile ya hoteli.

Siku ya kurudi mzee alitaka kununua mbuzi yake mwenyewe. Ina meno ya chuma, kwa hivyo kwenye treni haingepita. Akaituma kwa basi kama parseli na kulipa karibu bei ya mbuzi yenyewe. Iko juu ya kabati hapa Gataka. Nazi za huku ni ghali, kwa hivyo bado haijakuna kitu, lakini wageni wote wameonyeshwa.