Taa za Jukwaa Zilizozeeka

Katika mji kama Kamituga, ukumbi wa shule ni nyumba ya watu wote. Ndimo wanafunzi wachezamo michezo yao ya kuigiza, ndimo wazazi wakutanikamo, ndimo kwaya ziimbamo wakati wa Noeli. Lakini mara nyingi, mtu akiinua macho juu ya jukwaa, aona nini? Taa nzito za chuma zilizoshika kutu, nyaya ambazo ngozi yake imepasuka kwa joto, na pengine fyuzi iliyofungwa kwa kipande cha waya. Je, tuzitengeneze au tuzibadili?

Wako wazazi wasemao: “Madawati hayatoshi, nanyi mwataka taa za mchezo!” Neno lao si la kupuuzwa. Twawaomba tu wasikilize hesabu kwanza.

Umeme ulipoingia katika majumba ya michezo, ulisifiwa kwa kuondoa hatari ya moto. Jumba la Savoy, mjini London, lililofunguliwa mwaka 1881, liliwekwa globu 1,200 hivi. Mwenyewe, Richard D'Oyly Carte, alivunja globu moja iliyowaka mbele ya watu, kuonyesha kwamba haiunguzi kitu. Hata hivyo, tarehe 30 Desemba 1903, katika jumba la Iroquois huko Chicago, cheche ya taa ya umeme ilishika pazia. Jumba lile lilikuwa jipya, nalo lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Wakafa watu zaidi ya 600, wengi wao watoto na mama zao, kwa maana milango mingine ilikuwa imefungwa. Na karibu na kwetu, mwaka 2002, jumba la michezo la Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo liliteketea.

Basi, hesabu. Tuchukue ukumbi wenye taa 12 za zamani, kila moja ya wati 500. Zikiwashwa pamoja zala wati 6,000. Kwa umeme wa volti 220 ni ampea 27 na zaidi. Waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, haufai kubebeshwa zaidi ya ampea 16 hivi. Ukizidishiwa, wapata moto ndani ya dari, mahali pasipoonekana na mtu. Lakini taa 12 za LED zenye wati 100 kila moja zala wati 1,200 tu, yaani ampea tano na nusu. Mzigo huo jenereta ndogo yaubeba, na hata betri za nguvu ya jua zaweza kuubeba kwa muda wa mchezo. Kwetu jambo hili si dogo: mafuta hutoka Bukavu, mwendo wa kilomita 180 hivi, na kila mtu aijua njia ile wakati wa mvua.

Hapa fundi na awe macho. Taa za LED hazipatani na mashine za zamani za kufifisha mwanga. Zikiungwa humo hupepesa, au hufa kabla ya siku zake. Zataka umeme kamili wakati wote, na amri ya kung'aa au kufifia huzifikia kwa waya mwingine, kwa utaratibu uitwao DMX512, uliotungwa mwaka 1986. Waya mmoja wa namna hiyo wapitisha amri 512.

Tena taa za LED za bei ya chini kabisa zina mwanga wa buluu ambao huifanya ngozi nyeusi ionekane kama majivu. Rahisi ghali! Mtoto amejifunza maneno yake mwezi mzima, kisha uso wake haufahamiki hata safu ya tatu. Afadhali taa chache zenye mwanga wa joto, wa rangi ya jua la jioni. Mwalimu Mmarekani Stanley McCandless alifundisha tangu mwaka 1932 kwamba uso uangazwe kutoka pande mbili, kulia na kushoto, kwa juu kidogo. Kwa hiyo hata taa nne zilizofungwa vema zatosha kuanzia.

Kwa maoni yetu, fedha za kwanza zisinunue taa hata moja. Zinunue nyaya mpya, waya wa ardhi, swichi ya kukata umeme wenyewe, na mnyororo wa kushikilia kila taa isije ikamwangukia mtoto. Kisha taa nne za mbele. Zile nyingine zaweza kungojea mwaka ujao, na madawati yapate zamu yake.

Taa kuukuu zishushwe na plagi zake zikatwe, asije mtu akaziwasha tena usiku wa sikukuu. Wanafunzi wasipewe kazi ya kuzibandua. Katika taa nyingine za kale, nyaya zilifunikwa kwa asibesto, kitu cheupe kama pamba chakavu, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Kazi hiyo aachiwe fundi aliyefunika pua na mdomo kwa kinyago kifaacho, na ngozi ile ilowanishwe kwanza kwa maji, umeme ukiwa umekwisha kukatwa.