Maghala Yaliyojengwa kwa Peni

Anayelala katika hoteli ya Malmaison mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, analala ghalani. Jengo lake la ghorofa nyingi, linalotazama mto Tyne, lilikamilika mwaka 1900 kwa ajili ya kuhifadhi shehena za chama cha ushirika kilichoitwa Co-operative Wholesale Society, au CWS kwa kifupi. Hoteli iliingia humo mwaka 1997. Wageni wengi hupita mapokezi, hupokea funguo na kupanda vyumbani bila kujua kwamba nguzo wanazozipita zilijengwa kwa fedha za watu waliohesabu peni zao moja moja kila Ijumaa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno ushirika huleta picha ya wakulima. KNCU ya Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1933, ilikusanya kahawa ya wanachama ili iuzwe kwa pamoja. CWS ilikuwa kinyume chake: ushirika wa walaji, yaani watu wanaoungana ili wanunue. Mkulima anahitaji ghala la kutunza mazao yake mpaka bei ipande. Mlaji naye anahitaji ghala ili asiwe mateka wa mwenye duka.

Na mateka walikuwapo. Katika miji ya viwanda ya Uingereza ya miaka ya 1840, mfanyakazi alinunua unga uliotiwa chaki au shabu, na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa kwingine, yakakaushwa na kutiwa rangi. Wengine walilazimika kununua katika duka la tajiri wao, kwa hiyo mshahara ulitoka mkono mmoja wa tajiri ukarudi mkono wake wa pili. Mjini Rochdale, karibu na Manchester, wafumaji na mafundi 28 wakachanga pauni 28. Wakapanga ghorofa ya chini ya ghala kuukuu katika mtaa wa Toad Lane kwa pauni 10 kwa mwaka, na jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka. Walikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa michache. Bidhaa ilikuwa safi, mizani ya haki, na faida ilirudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Gawio hilo, ambalo Waingereza waliliita divi, lilizoeleka mno hata watoto waliotumwa dukani walikariri namba ya uanachama ya mama zao.

Maduka ya namna hiyo yalipoongezeka, kikwazo kipya kikajitokeza. Wenye maduka ya ushirika sasa walikuwa wao wenyewe wanunuzi wadogo mbele ya wafanyabiashara wa jumla, na baadhi ya wafanyabiashara hao hawakupenda kuwauzia. Jibu lao likawa kuufanya ushirika upande ngazi moja zaidi. Mwaka 1863 vyama vya kaskazini viliunda chama cha jumla, ambacho baadaye kikapata jina la CWS. CWS haikumuuzia mtu wa mtaani. Iliyauzia maduka ya ushirika tu, na maduka hayohayo ndiyo yaliyoimiliki. Kwa njia hiyo mwanamke aliyenunua ratili ya sukari mjini Oldham alikuwa na sehemu yake ndogo katika ghala lililoihifadhi, na baadaye hata katika meli iliyoileta.

Meli hiyo si maneno matupu. Mfereji wa meli wa Manchester ulipofunguliwa tarehe 1 Januari 1894, chombo cha kwanza cha biashara kushusha shehena kilikuwa SS Pioneer, mali ya CWS, kikiwa na sukari kutoka Rouen, Ufaransa. Kufikia wakati huo chama kilikuwa na viwanda vyake pia, kikiwamo kile cha biskuti cha Crumpsall na cha viatu cha Leicester, vyote vilivyoanza mwaka 1873.

Ndiyo maana maghala yalijengwa kwa fahari. Kule London, makao ya tawi la CWS katika Leman Street, karibu na gati, yalifunguliwa mwaka 1887 yakiwa na mnara wa saa kama wa ofisi ya serikali. Nembo ya chama ilikuwa mganda wa ngano, na wito wake ulimtaka mwanachama afanye kazi na angoje. Mtu anaweza kuuliza ghala la chai na sukari linahitaji mnara wa nini. Lakini waliokuwa wakijenga walikuwa watu waliozoea kuingilia mlango wa nyuma, na safari hii walikuwa na mlango wao wa mbele.

Ghala la Newcastle lina sababu yake ya pekee ya kutunzwa. Mji ule ulikuwa na kumbukumbu mbaya ya maghala: Oktoba 1854 ghala lililojaa kemikali lililipuka ng'ambo ya mto, Gateshead, na moto ukaruka Tyne hadi ukingo wa Newcastle. Miongo minne na ushee baadaye, CWS ilitaka jengo lisiloungua kirahisi, lenye sakafu za kubeba mizigo mizito, tena juu ya ardhi laini ya ukingo wa mto. Mbunifu wake, F. E. L. Harris, alishirikiana na mhandisi L. G. Mouchel, wakala wa mfumo wa Mfaransa François Hennebique, uliotia nondo za chuma ndani ya zege. Leo kila fundi wa Buguruni, Dar es Salaam, anajua kusuka nondo. Mwishoni mwa karne ya 19 Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza inajaribu, na kinu cha Swansea, jengo la kwanza la ghorofa nyingi nchini humo kwa mfumo huo, kilibomolewa mwaka 1984. La Newcastle limesalia, likiwa miongoni mwa majengo makubwa ya zege ya zamani zaidi nchini humo, na sheria inalilinda.

Makao makuu ya CWS yalikuwa Manchester, katika Balloon Street, mtaa uliopewa jina hilo kwa sababu James Sadler alirusha puto lake hapo mwaka 1785. CWS iliongeza jengo juu ya jengo mpaka ikashika kitongoji kizima. Mwaka 1962 ukasimama mnara wa CIS, kampuni ya bima ya ushirika, wenye urefu wa mita 118. Sehemu yake isiyo na madirisha ilivikwa vipande vidogo vya mozaiki milioni 14, na haukupita muda vikaanza kudondoka. Mnara uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1995, lakini sheria haigundishi vigae. Hatimaye, katikati ya miaka ya 2000, sehemu hiyo ilifunikwa kwa paneli za sola zaidi ya 7,000, na ukuta uliokuwa ukiwadondoshea wapita njia vigae ukaanza kuzalisha umeme. Hifadhi ya namna hii ina busara kuliko ile ya kuliacha jengo lioze kwa heshima.

Hata hivyo, jengo likiokoka, mwenyewe anaweza kusahaulika. Leman Street pamekuwa nyumba za kuishi. Kitongoji cha Manchester, karibu ekari 20, kimegeuzwa mradi wa ofisi, makazi na burudani. Wanaokumbuka maduka ya ushirika yaliyoenezwa vijijini Tanzania na Operesheni Maduka mwaka 1976 watasema hata yale yamesahauliwa, na ni kweli. Lakini yale yalishuka kutoka serikalini, ilhali maghala haya ya CWS yalipanda kutoka mifukoni mwa wanunuzi. Hilo ndilo ambalo kibao cha mlangoni kingepaswa kulitaja kabla ya jina la mbunifu.

Ghala dogo la Toad Lane bado lipo, na tangu mwaka 1931 ni makumbusho. Warithi wa CWS, wanaojulikana sasa kama Co-op, walihamia jengo jipya la vioo, One Angel Square, hatua chache kutoka Balloon Street. Mwaka 2013 walikuwa wamekwisha kuliuza. Wanalitumia kwa kulipa pango, kama wale 28 wa Rochdale.