Luteni Kanali Jim Corbett: Askari Aliyeusoma Msitu

Katika mji wa Nyeri, kwa jirani zetu wa Kenya, kuna makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Wageni wafikapo hapo huulizia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941. Wachache husogea kidogo hadi kwenye kaburi la Luteni Kanali Edward James Corbett, aliyefariki tarehe 19 Aprili 1955. Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mzee huyu wa pili, maana maisha yake yanawahusu hasa wale wanaokwenda doria kwa miguu.

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 huko Naini Tal, katika vilima vya Kumaon, kaskazini mwa India. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa posta, alifariki mtoto angali mdogo, na mama akabaki na kundi la watoto wa kulea. Shule yake ya kwanza ya silaha ilikuwa manati. Kisha akapewa gobore kuukuu la mitutu miwili, mmoja ukiwa umepasuka. Kijana mwenye risasi moja hujifunza kunyamaza, kungoja, na kutofyatua kabla ya kuona vema. Alijua kwa mlio wa ndege au wa tumbili kama mnyama mkali anapita, na anaelekea wapi. Kwa unyasi uliolala na ukingo wa alama ya unyayo alipima saa zilizopita tangu mnyama apite.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi ya reli huko Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges, akisimamia uhamishaji wa mizigo. Kazi ilipozidi, yeye mwenyewe alibeba makaa ya mawe pamoja na wapagazi wake. Mwaka 1917 alikusanya wanaume 500 wa Kumaon akawapeleka Ufaransa katika kikosi cha wafanyakazi wa vita. Watu wale wa milimani hawakuwa wamewahi kuona bahari. Waandishi wa maisha yake wanasema kwamba katika wote hao alimpoteza mmoja tu. Kwetu sisi hesabu hiyo ina uzito kuliko nishani, na kila afisa aliyewahi kuita majina ya kikosi chake baada ya safari ndefu atatuelewa.

Umaarufu wake, hata hivyo, ulitoka kwa wanyama wala watu. Mwaka 1907 alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuwa ameua watu 436. Alipomchunguza aliona kuwa meno yake mawili ya upande wa kulia yamevunjika kwa jeraha la zamani la risasi. Mnyama yule alishindwa kukamata mawindo yake ya kawaida. Basi akamgeukia binadamu, kiumbe dhaifu. Kwa maneno mengine, mpiga risasi mmoja asiyefuatilia majeruhi wake aliwaletea wanavijiji balaa la miaka. Hapo tungependa msomaji atue kidogo.

Huko Rudraprayag chui mmoja aliwatesa watu kuanzia mwaka 1918 hadi 1926, akaua watu 125. Jua likichwa, milango ilifungwa kwa makomeo, na hakuna aliyethubutu kutoka nje. Ndugu zetu wa polisi wanajua amri ya kutotoka usiku inavyosimamiwa. Ile ya chui haikuhitaji askari wa kuisimamia. Corbett alikaa juu ya mwembe usiku baada ya usiku, mbuzi mwenye kengele akiwa amefungwa chini. Kengele ilipolia gizani aliwasha kurunzi, akalenga, akafyatua risasi moja; kisha mwanga ukafifia, naye akabaki juu ya mti bila kujua kama amempata au amemkosa. Kumbe yule adui aliyetisha wilaya nzima alikuwa mzee mwenye meno yaliyochakaa.

Baadaye Corbett alipenda zaidi kamera kuliko bunduki. Hifadhi ya wanyama aliyosaidia kuanzishwa mwaka 1936 sasa inaitwa kwa jina lake.

Katika Vita Kuu ya Pili, akikaribia umri wa miaka sabini, alifundisha vikosi vilivyokuwa vikienda Burma namna ya kuishi msituni, hata maradhi yakamwangusha. Hatudai kuwa aliwafundisha askari wetu wa KAR, lakini mwaka 1944 wazee wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita katika misitu hiyo hiyo, bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, penye malaria na matope.

Hakuoa. Jamaa yake ilikuwa mama, aliyefariki mwaka 1924, na dada yake Maggie, aliyekaa naye maisha yote. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, wawili hao waliiaga nchi ya kuzaliwa wakahamia Kenya, wakaishi Nyeri katika kijumba cha Paxtu, alimoishi Baden-Powell kabla yao. Hatufichi kwamba alikuwa mtoto wa dola la kikoloni, na kwamba aliikimbia India huru kwa hofu ambayo wakati haukuithibitisha. Tena alihamia mahali ambapo wenyeji walikuwa wanadai ardhi yao: hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwaka 1952, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops, hoteli ya juu ya mti ambako yeye alikuwa mlinzi usiku ule wa Februari 1952 Elizabeth alipokuwa malkia.

Lakini kule Kumaon, katika kijiji cha Choti Haldwani alichokijenga, hakuwauzia wakulima mashamba waliyolima, aliwaachia. Nyumba yake ya Kaladhungi imefanywa makumbusho, na ukuta wa mawe alioujenga kuzunguka mashamba ili kuzuia nguruwe mwitu ungali unaonekana.